Tundu la Hewa na Watu Wanaoliziba

Vijana wa karakana, mmenisumbua niandike habari za kazi yangu, eti msome mpate kitu. Haya. Lakini msitarajie niwapake mafuta kwa mgongo wa chupa kwa sababu nimestaafu na mmenikatia keki. Nimefunga boila na hita za maji katika nyumba za Nakuru na pande zake zote, kutoka nikiwa msichana wa kukimbia juu ya mabati hadi magoti yakakataa ngazi, na sijaona kitu kinachomtoa mtu mzima akili haraka kama maji moto. Mteja atakuuliza rangi ya koki. Atakuuliza kama shawa inatoa mwanga wa buluu. Wewe ukimuuliza, "Moshi utatokea wapi?" anakuangalia kana kwamba umemuuliza habari za mpango wake wa kando.

Mambo ya vyeo na mishahara sitayaandika. Wanaopenda hadithi hizo waende mazishi ya wakubwa, huko husomwa zote.

Nilianzia kwa Mzee Odhiambo. Baba yake aliletwa Nakuru na reli, na yeye alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akajua kuchomea vyuma kabla hajavaa suruali ndefu. Karakana yake ilikuwa nyuma ya stesheni, na humo tulitengeneza boila za kuni. Kwa nyinyi mnaoziona kwa simu tu: ni tangi la maji, moto uko chini yake, na chimni inapita katikati ya maji hadi juu. Inasimama nje, karibu na ukuta wa jikoni, na paipu inaingiza maji moto ndani ya nyumba. Tangi lina kuta mbili, na kati yake tulishindilia ule unga mweupe wa kutoka machimbo ya Kariandusi ili joto lisitoroke. Siku ya kushindilia tulitoka tukiwa weupe hadi kope, na watoto wa jirani walitukimbia.

Siku ya kwanza Mzee aliniangalia kutoka juu hadi chini. Hakuwa amewahi kuona msichana akitaka kazi hiyo, na hakujaribu kuficha.

"Wewe ni wa chai ama ni wa kazi?"

"Wa kazi, Mzee."

"Basi keti hapo uangalie moto."

Akawasha boila iliyokuwa imemalizwa, akanipa debe nikalie, akaenda zake. Niliangalia moto asubuhi nzima. Nilidhani ananidharau. Ni kweli alikuwa ananidharau, lakini pia alikuwa ananifundisha, na hayo mawili yeye aliyafanya kwa pamoja bila shida. Aliporudi aliniuliza nimeona nini. Nikasema nimeona moto. Akasonya. Akachukua kitambara kikuukuu, akakikunja kama sigara, akakichoma kikawa kinafuka bila kuwaka, akakishika kwenye tundu la chini la boila. Ule moshi mwembamba ukavutwa ndani wote. Kisha akaweka kiganja cha mkono kwenye sehemu ya chini ya tundu, akaliziba nusu. Moto ukageuka mwekundu mchafu, na moshi ukaanza kutokea mlangoni kuja usoni pangu.

"Umeona sasa? Huyu ni mnyama. Anapumua," akasema. "Ukimziba pua anakutapikia. Hewa inaingia wapi, moshi unatoka wapi, hiyo ndiyo kazi. Maji si kazi. Maji hata mtoto anaweza kuyapeleka."

Kitambara hicho ndicho kifaa changu cha kwanza, na bado kiko ndani ya begi langu, si kilekile lakini ndugu yake. Cha pili ni kioo kidogo cha mkebe wa poda. Ukikishika kando ya mdomo wa chimni ya hita na kikaingia ukungu, ujue moshi unarudi ndani badala ya kupanda. Vijana siku hizi mna mashine ya kulia piipii ikinusa sumu ya moshi, na ni nzuri, inunueni. Lakini nimewaona mkiizima kwa sababu inamsumbua mteja.

Mzee alikuwa na masharti ya chimni na hakuyapunguzia mtu. Isiwe nyembamba kuliko mdomo inamotoka. Ipande moja kwa moja, na ikibidi ipinde, ipinde ikiendelea kupanda, isilale. Ipite kilele cha paa, kwa sababu upepo ukigonga paa hujikunja na kuteremka, na moshi unateremka nao. Kofia ya juu ikae mbali kidogo na mdomo, isije ikawa kifuniko cha sufuria. Na tundu la hewa la chini halizibwi. Halizibwi kwa sababu ya panya, wala mbu, wala mgeni, wala baridi.

Sasa sikilizeni watu walifanya nini na masharti hayo. Mkulima mmoja wa pande za Njoro tulimfungia boila nzuri, tukarudi baada ya mavuno kwa sababu nyumba yote ilikuwa inakohoa. Alikuwa amekata chimni yetu akaielekeza ndani ya dari. Kisa? Alikuwa ameweka mahindi huko juu, na alitaka moshi ufukuze wadudu. "Kwani mnatupa moshi wa bure?" akatuuliza, na aliuliza kwa dhati, kama mtu aliyetukamata tukimwaga maziwa. Mke wake macho yalikuwa mekundu kama nyanya. Mahindi, kusema ukweli, yalikuwa mazima kabisa.

Mwingine alikuwa Mai Mahiu, chini ya mteremko, ana nyumba karibu na pale malori hulala. Huko upepo unaanguka kutoka juu ya ukingo wa bonde, haupiti tu, unaanguka, na chimni ya kawaida unaisukuma kurudi chini. Tuliirefusha, tukaiwekea kofia ya kugeuka na upepo, ikakaa vizuri. Tulipoondoka yule bwana akaita mtu wa kuchomea milango, akamwambia azibe lile tundu la chini kwa kipande cha bati ili kuni ziwake polepole zisimalizike. Ziliwaka polepole sana. Zilizimika. Kisha akaenda mji mzima akisema boila za Odhiambo ni takataka. Mzee aliposikia alicheka hadi akashika meza, halafu akakasirika wiki nzima.

Mzee akafa kitandani kwake, kwa uzee, jambo ambalo mafundi wachache wa moto hulipata. Nikabaki na karakana. Kisha ikaja gesi.

Hapa ndipo dharau yangu iliponona. Kila mtu katika nchi hii anajua jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa linaua. Watoto wa nasari wanajua. Mama ambaye hawezi kuruhusu jiko livuke kizingiti chake ataweka hita ya gesi ndani ya bafu, akufungie dirisha, akuambie gesi ni safi. Safi nini? Gesi inakula hewa kama moto mwingine wowote. Hewa ikipungua, ule mwali wa buluu unakuwa wa njano, ukuta unaanza kuwa mweusi, na hita inaanza kutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu, haina rangi, haikohozi mtu. Ile harufu ya mtungi mnayoiogopa ni kitu kingine. Hii inakuja na kichwa kuuma, usingizi, magoti kulegea. Mtu anadhani amechoka. Anakaa chini kidogo apumzike. Wengine hawainuki.

Na hewa itoke wapi? Nyumba za zamani zilijengwa na matundu ya hewa juu ya madirisha. Watu wetu wameyaziba yote. Nimetoa ndani yake magazeti, gunia, sweta la shule, soksi, na siku moja bango la kampeni la bwana ambaye hadi leo bado anagombea. Sababu ni moja tu: numonia. Huku kwetu juu baridi ya Julai inaogopwa kuliko chui. Upepo ukimgusa mtoto aliyelowa, basi, tayari mnaona jeneza dogo. Nyumba mpya hazina hata hayo matundu ya kuziba. Zina madirisha ya alumini ya kuteleza, yanafunga ndi, na mwenye nyumba anajisifu kwamba hata vumbi haliingii. Kama vumbi haliingii, mwenye akili angejiuliza na hewa je.

Mwenye nyumba wa kujisifu ninayetaka kuwaambia habari zake alikuwa Milimani, mtaa wa wenye pesa. Nitamwita Mama Imani, kwa jina la mtoto wake, msichana mdogo wa nasari. Mume alifanya kazi mbali, alionekana sikukuu. Huyo mama alikuwa ameng'oa boila ya kuni iliyokuwa nyuma kwa sababu ilifanya nyumba ionekane ya kijijini, akafungiwa hita ya gesi bafuni na mtu wa dukani. Aliniita kwa sababu vigae vyake vyeupe juu ya hita vilikuwa vinaingia weusi. Vigae ndivyo vilivyomsumbua.

Aliyenifungulia geti alikuwa msichana wake wa kazi, Nekesa, wa kutoka pande za Bungoma. Alitembea mbele yangu akishika ukuta.

"Wewe ni mgonjwa?" nikamuuliza.

"Kizunguzungu tu, mathe."

Mama Imani alitoka na kikombe mkononi, na akaanza kunieleza habari za Nekesa mbele ya Nekesa mwenyewe. "Huyo amekuwa akizimia bafuni. Nikampima mimba, hana. Pasta akamwombea, bado. Sasa nafikiri ni kifafa, na hakuniambia wakati namwandika. Mwisho wa mwezi anaenda kwao. Siwezi kuachia mtu wa kifafa mtoto wangu."

Kwao Nekesa, niliambiwa baadaye, mama yake na ndugu zake wadogo walikuwa wakila kwa kazi hiyo, na hakuna nyumba ingemchukua akitoka na jina la kifafa.

Nikaingia bafuni. Dirisha la alumini, limefungwa. Paipu ya moshi ilitoka kwenye hita ikapanda ikatokomea ndani ya siling'i, ikaishia papo hapo juu ya ubao, kama yule wa mahindi wa Njoro, ila huyu hakuwa na mahindi. Nikauacha mlango wazi, nikafungua maji. Mwali ulikuwa wa njano. Nikashika kioo, kikaingia ukungu. Nikawasha kitambara, moshi wake ukaja moja kwa moja puani pangu. Nikazima kila kitu. Kisha nikaona taulo imekunjwa sakafuni kando ya mlango.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kuziba chini ya mlango," akasema Nekesa. "Mama alisema mtoto akioga asipate upepo."

"Unamwogesha mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni. Halafu nafua nguo zake hapo hapo, maji yakiwa bado moto."

"Na wewe unaoga saa ngapi?"

"Wakimaliza wote."

"Ukienda sokoni, kichwa kinauma?"

Akafikiri. "Sokoni nakuwa sawa. Jumapili nikiwa ofu nakuwa mzima kabisa, mathe. Ndiyo maana Mama Imani anasema najifanya."

Nikatoka bafuni nikamwendea Mama Imani. "Huyu hana kifafa. Huyu ana bafu lako."

Nikamweleza yote, polepole, kama nilivyowaeleza nyinyi. Akanisikiliza akiangalia simu. Akauliza swali moja, na lilikuwa zuri kwa mtu asiyetaka jibu: "Mbona mimi sizimii?"

"Kwa sababu unajimwagia maji ukikimbilia kazi. Kichwa hakikuumi?"

"Kinauma, lakini hiyo ni presha ya ofisi."

"Na mtoto?"

"Mtoto hulala sana. Ni mtoto mtulivu."

Ngai! Mtoto mtulivu. Nilitaka kumtikisa. Nikamwambia hita itoke bafuni ikae nje, ukuta wa nyuma, chini ya kibati, chimni yake ipande wazi, na ndani tutoboe tundu moja chini na jingine juu. Kazi ya siku chache. Akasema haiwezekani, Jumamosi wageni wa ushirika wa kanisa wanakuja nyumbani, hawezi kuwaonyesha ukuta uliobomolewa. Nikamwambia basi waoge kwa karai na maji ya kuchemsha jikoni hadi Jumatatu. Akacheka. "Mama Fundi, karai? Milimani?"

Nikaenda nyuma, nikafunga mtungi, nikafungua regulata na paipu ya gesi kwa spana, nikazitia begini.

"Unaiba vitu vyangu!"

"Niitie polisi," nikasema. "Wakija nitawaonyesha bafu."

Nikamwambia pia ampeleke Nekesa hospitali apimwe damu. Akasema ameshampeleka kwa pasta. Nikampa Nekesa namba yangu pale getini, nikamwambia akiona ile hita inawaka tena anipigie, na asiingie humo mlango ukiwa umefungwa, hata afukuzwe.

Hata afukuzwe. Ni rahisi kusema ukiwa na karakana yako.

Mnamjua Kevo, yule wa kujirekodi akifunga sinki. Mama Imani alimwita kesho yake, naye akaenda akaweka regulata mpya na paipu mpya, akauona ule weusi, akaupangusa. Nilimpigia simu wiki iliyofuata.

"Kevo, uliona mwali?"

"Niliuona, mathe. Nikamwambia awe anafungua dirisha."

"Na ile paipu iliyo ndani ya siling'i?"

"Sasa mathe, mteja akitaka unampa. Usipompa anatafuta mwingine."

Sikumtukana. Nilimwambia tu asiniite mathe, mimi si mama yake, na namshukuru Mungu kwa hilo.

Jumamosi hiyo ya wageni, asubuhi, nilikuwa mtaa wa Section 58, juu ya paa la mtu, nikiweka kofia ya chimni. Simu ikalia. Nekesa alikuwa anaongea chini chini, yuko kwenye chumba chake cha nyuma.

"Mathe, wamerudisha hita, fundi anaitwa Kevo. Jana nilikataa kuingia. Leo nikamwogesha mtoto nje kwa karai, hapa nyuma juani, na alifurahi sana. Mama Imani akanikuta. Ameniambia nataka kumuua mtoto na numonia, nifunge nguo niende. Amemchukua ameingia naye mwenyewe, anamwosha nywele, wageni wanakuja. Amefunga mlango."

"Kitambo?"

"Kitambo kidogo. Nasikia maji tu. Mtoto alikuwa anaimba, sasa haimbi."

"Gonga mlango. Piga kelele."

"Nimegonga. Amenijibu mara moja tu niende zangu. Sasa hajibu."

"Vunja dirisha, Nekesa! Vunja!"

Akakata. Jamani, nilishuka ile ngazi kama mtu wa miaka ishirini, nikaita boda, nikamwambia Milimani na asisimame mahali. Njia nzima niliongea peke yangu, nikimwomba Mungu na kumlaani Kevo katika pumzi ileile. Nilijua kilichokuwa mle ndani. Nimekuwa kwa nyumba ambazo tulifika tumechelewa, na sitawaandikia hizo.

Nilikuta geti wazi. Begi la Nekesa lilikuwa limeachwa kwenye njia, tayari limefungwa. Nyuma ya nyumba vioo vilikuwa vimetapakaa kila mahali, jembe limelala chini, na Imani alikuwa kwenye nyasi, uchi, amefunikwa leso ya Nekesa, anatapika. Nikamgusa. Alikuwa anapumua, akaanza kulia, na sijapenda kelele ya mtoto kama siku hiyo.

Nekesa alikuwa amevunja dirisha kwanza ili hewa iingie. Grili ilimzuia kupita, kwa hiyo akazunguka akavunja komeo la mlango kwa jembe lilelile, akafunga hita, akamtoa mtoto. Kisha, kwa mapafu yale ambayo bafu hilo lilikuwa limeyala kwa miezi, akarudi ndani kwa yule aliyemfukuza. Nilimkuta bafuni amemshika Mama Imani kwapani, anamvuta, na miguu yake mwenyewe inapinda. Nikavuta hewa ya nje, nikaingia, nikashika mkono mmoja. Tulimtoa hadi koridoni, kisha hadi nyasini. Nekesa akaketi. Kisha akalala, pole pole, ubavu, na sikuweza kumwamsha.

Majirani walikuja na gari. Mama Imani alifungua macho kabla hatujampakia. Akamwona mtoto nje, amelowa, upepo wa kutoka Menengai unavuma. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ilisikika vizuri.

"Mfunikeni mtoto, atashikwa na numonia."

Niliwahi kusikia mambo mengi kutoka kwa wateja. Nikageuka, nikasaidia kumpakia Nekesa kwanza.

Hospitali kulikuwa na daktari kijana, msichana mwenye akili na subira, ambaye aliniuliza swali moja kuhusu hita kisha akajua kila kitu. Aliwawekea wote oksijeni. Mtoto alipona upesi. Mama Imani alikuwa ameketi akiongea jioni hiyo, na wageni wa ushirika walihamishia ibada wodini, wakashukuru Mungu kwa sauti, wakimtaja yeye na mtoto tu. Daktari aliniita kando akaniambia habari za Nekesa. Alikuwa amevuta sumu hiyo muda mrefu, kidogo kidogo, halafu siku ile akavuta nyingi. Ubongo ulikuwa umekosa hewa. Angeamka, lakini hakuweza kuniahidi ataamka akiwa yuleyule.

Aliamka. Kaka yake akaja kumchukua kwenda Bungoma. Mama Imani alikuwa ameshatoka hospitali, na siku hiyo alikuwa na mkutano.

Hita niliihamisha mwenyewe. Nilitoboa ukuta wa bafu chini na juu, nikaweka wavu wa chuma ambao hauzibiki kwa sweta, na sikumuuliza anapenda rangi gani. Alilalamika kwamba panaingia baridi. Kazi hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho kubwa. Nyinyi mkipita barabara hiyo mtaona chimni yake juu ya paa, imenyooka, na mjifunze.

Nekesa hunipigia Jumapili. Mkono wake wa kulia unatetemeka, hawezi kushika kikombe kilichojaa. Mama yake anasema hutia chumvi kwa mboga, akageuka, akatia tena. Kuna siku hunieleza kitu kimoja mara mbili, nami humsikiliza mara mbili. Mimi na hasira yangu, ambayo haijaisha na sitaki iishe, tunanyamaza tumsikilize.

"Mathe," huniambia, "yule mtoto. Yule wa Milimani. Jina limenitoka tena."

"Imani."

"Eeh, Imani. Anaogea wapi siku hizi?"

"Kuna matundu sasa, Nekesa. Hita iko nje."

"Na dirisha?"

"Linafunguliwa."

"Basi sawa," anasema, na anacheka kidogo. "Imani. Sitasahau tena."

Jumapili inayofuata ananiuliza.

Wiki jana Mama Imani alinipigia. Alikuwa na sauti nzuri ya mtu anayetaka kitu. Akaniuliza hali, akanipongeza kwa kustaafu, akasema mimi najua watu wengi, kama ninaweza kumtafutia msichana wa kazi. Wa sasa hawezi kazi. Anataka mtu mwaminifu, anayependa mtoto.

"Kama yule wa kwanza," akasema. "Yule wa Bungoma. Aliitwa nani vile?"

Nikamtajia jina. Nikasikia anatafuta kalamu, akaniomba nirudie.